Treni Isiyonguruma na Watoto wa Ng'ambo ya Reli

Risala ya wakazi wa nyumba za reli, siku ya kuwashwa kwa umeme kwenye njia ya treni

KARIBU

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri, pamoja nanyi nyote mlioketi nasi chini ya turubai hili: kitu cha kwanza kilikuwa shuka.

Siku ya kwanza ya majaribio, treni za dizeli zilisimamishwa ili kupisha treni ya umeme. Mchana wa siku hiyo Binti wa Geti, huyu anayekusomea, alikwenda kuanua nguo. Akalitoa shuka jeupe kambani, akalitazama upande huu, akaligeuza upande ule, kisha akaligeuza tena kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Lilikuwa jeupe pande zote mbili. Kwetu shuka halijapata kukauka hivyo. Upande unaotazama reli huwa na vumbi jeusi la moshi. Ukilipangusa linajichora, ukilifua linabaki kijivu.

Akamwita mama yake aje aone. Mama yake ni Mama Geti, mlinzi wa geti la reli, na hata wewe, mheshimiwa, ulipokuja ni yeye aliyekuinulia kizuizi. Mama Geti akashika pindo la shuka, akalisogeza karibu na macho.

"Haya," akasema, "sasa tumekosa la kusingizia. Nguo zikiwa chafu ni uvivu wetu wenyewe."

Tumeanza na shuka ili ujue mapema kwamba hatukuja kuulalamikia umeme. Karibu sana. Karibu katika uwanja wa shule ya watoto wetu. Tunajua msafara wako una vituo vingine mbele, na tunajua risala ndefu inavyochosha mtu aliyevaa koti, kwa hiyo tutajitahidi.

Tunaomba pia umvumilie msomaji wetu. Binti wa Geti hajazoea kusema mbele ya watu. Dukani akienda kununua chumvi husubiri wengine wote wahudumiwe kwanza, hata waliomkuta. Tumemchagua kwa sababu ndiye anayewavusha watoto wetu reli kila asubuhi, na tutakayokueleza ameyaona kwa macho yake. Sauti ikimkauka, mwenyekiti amekaa karibu na chupa ya maji.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, nyumba zetu zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na wengi wetu ni watoto na wajukuu wao. Babu zetu walitandika mataruma chini ya vyuma vya reli, baba zetu wakakaza boliti, na sisi tumebaki na nyumba na ile tabia ya kuamka mtu anapopiga chuma.

Reli imepita katikati yetu. Nyumba ziko upande mmoja. Shule, hospitali na soko viko upande huu tulioketi sasa. Magari yana geti lao barabarani, ambako malori hayamwachii mtu wa miguu nafasi, kwa hiyo atokaye majumbani anatumia njia ndogo inayopita nyuma ya maghala. Pale njia inapokutana na reli, macho hayakusaidii. Mkono mmoja kuna kona, na mkono wa pili kuna mabehewa mabovu yaliyoachwa kwenye njia ya pembeni tangu wengi wetu hatujazaliwa. Treni huioni mpaka mguu wako uwe tayari umekanyaga kokoto.

Ndiyo maana watu wa kwingine wakiwafundisha watoto wao kutazama kulia na kushoto, sisi wetu tunawafundisha kusikiliza. Mtoto akianza tu kutembea, mama yake humpeleka pale, humshika mkono na kumwambia: simama, nyamaza, sikiliza, haya vuka. Kila mmoja wetu alifundishwa hivyo na hakuna anayekumbuka siku aliyojifunza.

Treni ya dizeli hujitangaza mbali. Glasi huanza kugongana kabatini, kisha mtoto mchanga hugeuka, ndipo mngurumo wenyewe huja. Tulizijua treni kwa sauti zake kama mtu ajuavyo nyayo za mumewe. Kuna moja tuliiita Kikohozi, na nyingine Bibi Harusi, maana ilikuwa haifiki bila kuchelewa. Wanaopika walipima maharage kwa treni za mizigo. Na wanandoa wakigombana hunyamaza treni inapopita, kisha huendelea palepale walipoachia.

TUNAYOYASHUKURU

Tuliitwa kwenye mkutano tukaelezwa sera ya serikali ya kuziendesha reli kwa umeme, na tuliielewa. Mafuta yananunuliwa nje na bei yake hatuipangi sisi. Umeme unatoka kwenye maji yetu wenyewe. Treni itabeba mzigo mwingi zaidi na kufika mapema zaidi, na malori yatapungua barabarani. Hayo ni mambo ya maana, na hatuoni mtu mwenye akili zake wa kuyapinga.

Faida nyingine tumeanza kuziona. Watoto wenye pumu wamelala vizuri tangu majaribio yaanze. Vijana wetu walipata kazi ya kuchimba mashimo ya nguzo na kuvuta waya. Mmoja wao alipewa kofia ngumu, na mama yake anatuambia hata mezani haivui, eti lolote linaweza kuanguka.

Shuka tumeshalitaja.

Kwa hiyo, mheshimiwa, asije mtu akakwambia kwamba watu wa nyumba za reli wanapinga maendeleo. Tunayataka, na tunataka yatukute tukiwa wazima na watoto wakiwa darasani.

SIKU YA PILI YA MAJARIBIO

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe tupu. Treni ilipita mwendo wa maarusi, imepambwa bendera, na bendi ya shule ilikuwa imejipanga getini. Tulishangilia mpaka koo zikakauka. Mgeni rasmi, katika kelele zile hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba treni yenyewe haikuwa na sauti. Kelele zote zilikuwa zetu.

Siku ya pili gari la matangazo lilipita mapema. Wananchi mnaombwa kuwa waangalifu, likasema, leo treni itapita kwa mwendo wake halisi.

Tukawa waangalifu. Lakini kuwa mwangalifu, kwetu sisi, ni kusikiliza, na siku ile tulisikiliza kuliko siku zote. Redio zilizimwa. Kinyozi aliwanyamazisha wateja wake, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mtaa mzima ulikuwa umetega sikio.

Mchana watoto walikuwa wanarudi kutoka shule. Aliyewaongoza alikuwa mtoto wa dada yake Binti wa Geti. Dada huyo ni mfagizi hospitalini na hutoka nyumbani mapema, kwa hiyo mtoto analelewa na bibi yake Mama Geti na mama yake mdogo, huyu anayekusomea. Mtaani tunamwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haupumziki. Huongea akila, huongea akipiga mswaki. Kwenye reli tu ndipo hunyamaza, na masikio yake yalikuwa makali hata watu wazima wakimkuta pale humwuliza kwanza, "Chiriku, vipi?" Akisema hakuna kitu, wanavuka.

Binti wa Geti alikuwa upande wa nyumbani, kambani kwake, anaanika. Watoto hakuwaona kwa sababu ya mabehewa, lakini aliwasikia.

"Simameni!" Chiriku alisema. "We, acha kutafuna. Siwezi kusikia unavyotafuna."

"Sitafuni, namalizia."

"Basi malizia kimya."

Wakanyamaza. Binti wa Geti naye akatulia, kibanio cha nguo mdomoni, akasikiliza pamoja nao. Kulikuwa na upepo kwenye shuka. Kulikuwa na kuku. Zaidi ya hapo, kimya.

"Hakuna kitu," Chiriku akasema. "Twendeni!"

Akavuka yeye kwanza, kama kiongozi wao. Alipofika upande wa nyumbani akageuka kuwahimiza wenzake, na kufumba na kufumbua treni ilikuwa pale. Hatusemi ilikuja. Kitu kinachokuja unakisikia. Hii ilikuwa haipo, kisha ikawepo, ndefu, safi, inang'aa, inapita kati ya mtoto na wenzake, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayepasua kitambaa taratibu. Getini Mama Geti alikuwa ameshapigiwa simu na stesheni na kuyazuia magari kama kawaida. Lakini geti liko barabarani na watoto wako nyuma ya mabehewa. Yeye hawaoni, na wao hawamwoni.

Binti wa Geti alimwona Chiriku amenyoosha mikono yote miwili kuelekea treni, kana kwamba anaisukuma imalize kupita. Kibanio kilimdondoka mdomoni.

Treni ilipokwisha kupita, watoto walikuwa wamesimama ng'ambo, wote, wameshikamana kama kuku wa mvua. Mmoja alikuwa ameshakanyaga kokoto, rafiki yake akamvuta kwa mkoba. Kiatu chake kimoja hatujakiona mpaka leo. Yule mtafunaji alikuwa bado na kipande shavuni, hajui akimeze au akiteme.

"Wazima," Binti wa Geti akasema. "Waone. Wote wazima. Chiriku?"

Chiriku hakuwatazama. Alikuwa ameyaziba masikio kwa viganja.

"Mama mdogo, mimi nilisikiliza."

"Najua. Hata mimi nilisikiliza."

"Nikawaambia waje."

YANAYOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, tangu siku hiyo Chiriku hajavuka reli. Hayupo hapa uwanjani na wenzake, ukiwatazama utaona pengo mstari wa mbele. Kila asubuhi anaamka bila kuamshwa, anavaa sare, anapiga kiwi viatu, anafika kwenye kamba ya nguo, anasimama. Huwezi kumsukuma. Halii, hapigi kelele, anasema tu, "Leo siwezi."

Tumejaribu tunavyojua. Bibi yake alijitolea kumbeba.

"Panda mgongoni, mjukuu wangu, tuvuke."

"Bibi, ukinibeba mimi, wewe atakubeba nani?"

Wote tulicheka, maana ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu siku ile. Lakini hakupanda. Mwalimu wake, tunamshukuru, humletea kazi za darasani getini. Dada yake Binti wa Geti aliomba ruhusa kazini amshike mkono mwenyewe. Wakafika kwenye kokoto, mtoto akatapika. Na mtaani hakukosi maneno. Jirani mmoja alisimama kisimani, akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Huyo anadeka. Mtoto wa reli anaiogopaje reli? Amepata kisingizio cha kukaa nyumbani." Binti wa Geti alikuwa hapo na ndoo yake. Alichota maji akaondoka.

Wenzake Chiriku wanavuka, ila si kwa njia ya zamani, maana sasa masikio hatuyaamini. Binti wa Geti alijitafutia njia nyingine. Hupanda ngazi ya behewa bovu mpaka juu, kutoka huko huona nyuma ya kona, na pakiwa salama hupunga kitambaa cha kijani. Watoto huvuka mbio. Jioni hupanda tena. Hakuna aliyemtuma.

Ni huko juu alikokutwa na injinia kijana wa mradi.

"Dada, unafanya nini huko?"

Nusura aanguke. "Naangalia treni."

"Hebu shuka. Taratibu, shika vizuri."

Injinia huyo tunamtaja kwa wema. Hakufoka. Alimsikiliza Binti wa Geti, na kwa kuwa Binti wa Geti akiwa na aibu husema nusu ya neno, alimsikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasimama mwenyewe pale kwenye njia, akavua kofia yake ngumu, akasubiri. Treni ilipopita aliirudisha kofia kichwani pole pole.

"Treni za umeme ndivyo zilivyo," alisema. "Ndiyo sifa yake." Aliyasema kama mtu ambaye jibu lake mwenyewe halijamtosha.

Mama Geti alikuwa amefika. "Kwani haina honi, mwanangu?"

"Inayo, mama. Ila mwongozo unataka isipigwe kwenye makazi, ili wananchi wasisumbuliwe."

"Wananchi gani hao?"

"Nyinyi, mama."

"Sisi?" Mama Geti alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, mimi nimesumbuliwa na honi tangu ujana wangu. Marehemu mume wangu alinichumbia treni inapita. Alisema nini sijui mpaka leo, niliitikia tu. Tuleteeni huo usumbufu."

Injinia naye akacheka. Kisha akatueleza jambo ambalo halikutuchekesha. Mradi una awamu. Uzio wa pande zote mbili za reli umo katika awamu ya kwanza. Daraja la waenda kwa miguu limo katika awamu ya pili.

"Na awamu ya pili inaanza lini?" Mama Geti akauliza.

"Fedha zikipatikana."

"Kwa hiyo patakuwa na kipindi pana uzio na hapana daraja."

"Inaweza kuwa hivyo, mama."

"Na watoto?"

"Watazungukia daraja la magari, kule stesheni mpya."

Sisi tunaijua njia hiyo. Ni ya malori, haina pembeni pa kupita mtu, na mtoto atakayeizungukia, ili awahi kengele, itabidi atoke nyumbani kukiwa giza. Tunajua pia watoto wetu. Uzio utatobolewa. Hatusemi haya kwa kujivunia, tunasema kwa sababu sisi tuliwazaa. Tundu litatokea, watoto watapita, na mbele ya tundu hilo patakuwa na treni ambayo hakuna anayeisikia.

Injinia aliandika kwa wakubwa zake kuhusu mabehewa, honi na daraja. Alijibiwa kwamba mpango na mwongozo vimepitishwa wizarani, na wizara peke yake ndiyo inayoweza kuvibadilisha. Akaja mwenyewe kutuambia. "Mimi nimefika mwisho wangu," alisema. "Mwambieni mgeni rasmi."

Ndicho tunachofanya, mheshimiwa. Lipo neno moja zaidi unalopaswa kulijua kabla hujasimama kubonyeza kitufe cha kuwasha umeme. Wakati wa majaribio, waya unaopita juu ya njia ya pembeni ulikuwa haujaunganishwa. Leo utaunganishwa. Injinia amemwonya Binti wa Geti, na amebandika kibao cha fuvu la kichwa kwenye ngazi ya behewa. Ukishabonyeza, kule juu hapandi mtu tena. Masikio tumenyang'anywa wiki ya majaribio, na macho tunanyang'anywa mchana huu, katikati ya makofi, na sisi wenyewe tutapiga makofi hayo. Kesho asubuhi watoto watasimama kwenye njia, nasi hatujui tutawaambia nini.

OMBI

Risala za namna hii huwa na maombi mengi, na hii nayo karibu iwe hivyo. Kwenye kikao cha kuiandaa kila mtu alikuja na lake. Mwenyekiti alitaka uwanja wa mpira. Wengine walitaka zahanati, wengine kisima cha pili. Kinyozi alisimama akasema, "Waya mnene kama mkono wangu unapita juu ya paa langu unakwenda kuvuta treni, na mimi chini yake nanyolea mkasi! Andika hilo, binti. Andika kwa herufi kubwa." Tulicheka, lakini ni kweli, nyumba nyingi za reli hazina umeme, na Binti wa Geti akaandika.

Mwenyekiti akamwuliza Binti wa Geti, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu kikao kianze, "Na wewe unaomba nini?"

Alitazama karatasi. "Daraja," akasema.

"Hilo tumeshaliweka. La ngapi hapo?"

"La mwisho."

Kinyozi ndiye aliyesimama tena. "Mimi futa la kwangu," akasema. "Nimenyolea mkasi miaka yote, sijaua mtu. Nimekata masikio tu, tena kidogo." Mwenye zahanati akafuta. Mwenye kisima akafuta. Uwanja wa mpira ulichukua muda, lakini mwenyekiti naye mwishowe akakubali. Hatukuyatupa mambo hayo, mheshimiwa. Tumeyatia mfukoni, utayakuta siku nyingine. Leo tunataka uondoke na jambo moja kichwani ili lisipate pa kujificha.

Tunaomba daraja la waenda kwa miguu litolewe awamu ya pili lijengwe pamoja na uzio, na uzio usifungwe kabla daraja halijakamilika. Na mpaka siku daraja litakapopitika, treni ipunguze mwendo kwenye kona na ipige honi, na yale mabehewa mabovu yaondolewe ili mtu aone. Hatuombi umeme ucheleweshwe hata siku moja. Bonyeza kitufe, sisi tutashangilia kwa dhati. Ila tunakusihi, kabla hujapanda gari lako, tembea nasi mpaka kwenye ile njia. Si mbali. Simama pale tunaposimama, nyamaza kidogo, kisha utuambie kama wewe ungemwambia mtoto wako avuke.

Tukisema tumetulia tutakuwa tunakudanganya. Hatutulii. Mama akimtuma mtoto dukani husimama mlangoni mpaka arudi. Mtu yuko kazini anajikuta anageuka nyuma bila sababu. Glasi zimenyamaza kabatini, na kimya chenyewe ndicho kinachotuamsha.

Tunakushukuru kwa kuja na kwa kutusikiliza. Mungu akufikishe salama uendako. Awape mafundi mikono isiyoteleza juu ya nguzo, awape madereva wa treni hizi mpya macho ya mbali, na awape wanaopanga awamu watoto wanaokwenda shule kwa miguu.

Ni sisi,
Wakazi wa nyumba za reli, upande wa geti.

Imesomwa kwa niaba yao na Binti wa Geti. Wenzake waliyapitia yote yaliyotangulia. Haya yanayofuata hawajayaona, ameyaongeza asubuhi ya leo, na anawaomba radhi.

Watu wa nyumba za reli wanajua kwamba Binti wa Geti aliacha shule akiwa darasa la tano. Wanadhani wanajua na sababu. Wapo waliosema ni aibu zake, wapo waliosema kichwa kizito, wapo waliosema hataki kubanduka kwa mama yake. Aliwaacha waseme, kwa sababu hakuna aliyemwuliza yeye. Asubuhi aliyoacha shule, treni ya mizigo ilikuwa imesimama juu ya njia, haiendi wala hairudi, na kengele ya shule imeshapigwa. Wenzake wakainama wakapita chini ya behewa. Akainama naye. Alipokuwa katikati, behewa likashtuka. Lilisogea kiasi cha kiganja, likasimama. Alitokea upande wa shule akiwa mzima, hana hata mkwaruzo, akangoja mpaka treni ikaondoka, akarudi nyumbani akasema tumbo linamuuma. Kesho yake likamuuma tena. Mama yake ndiye mlinzi wa geti. Binti wa mlinzi wa geti angeanzaje kusema?

Mama huyo yuko zamu ng'ambo ya reli, na Chiriku amekaa naye hapo kwenye kizuizi. Spika hizi zinafika mpaka huko, kwa hiyo wanayasikia haya sasa hivi pamoja nanyi, kwa mara ya kwanza. Chiriku, mama yako mdogo hakushindwa masomo. Aliiogopa reli. Kila asubuhi anapowavusha wenzako anaiogopa, na leo alipoivuka kuja kuisoma risala hii, aliiogopa.